Ndugu Punda: Mwili Katika Fikra za Magharibi na Sala za Wamistiki

Jumapili moja mhubiri alisoma sura ya tano ya Waraka kwa Wagalatia, akafika pale Mtume Paulo anaposema mwili na Roho hawapatani. Akajipiga kifua mara mbili, mlio ukafika hadi viti vya nyuma. "Adui ndiye huyu," akasema, "na unalala naye kila siku." Wiki mbili baadaye somo likatoka Wakorintho wa Kwanza, sura ya sita: mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mhubiri yuleyule, kifua kilekile. Tulipotoka nje, bibi mmoja aliyeimba kwaya tangu ujana wake akamshika mkono na kumuuliza kwa upole, "Baba Mchungaji, ni mwili huuhuu au kuna mwingine?" Mhubiri akatabasamu, akambariki, akaenda kusalimia wageni. Swali nikaondoka nalo mimi.

Bibi yule alikuwa amegusa penyewe. Kigiriki cha Paulo kina maneno mawili. *Soma* ni mwili huu wenye mikono na miguu, mtu mwenyewe jinsi anavyoonekana na kuguswa na wenzake. *Sarx* kwa asili ni nyama, lakini Paulo mara nyingi hulitumia kwa mtu mzima anayejitegemea na kumpa Mungu kisogo. Biblia ya Union Version, iliyowalea wengi wetu tangu 1952, imeyatia yote mawili ndani ya neno moja: mwili. Siwalaumu watafsiri. Nani angeimba Krismasi kwamba Neno alifanyika nyama? Ila tazama orodha ya matendo ya *sarx* katika Wagalatia. Pamoja na uasherati na ulevi mna ibada ya sanamu, uchawi, uadui, husuda, fitina. Fitina haihitaji misuli. Husuda humkaa hata mgonjwa asiyeweza kuinua kijiko. Paulo hakuwa anaushitaki mwili. Alikuwa anamshitaki mtu.

Mkanganyiko huu si wa Waswahili peke yao. Magharibi imeishi nao miaka elfu mbili, na siku hizi umezaa hukumu inayosemwa kana kwamba kesi ilikwisha zamani: Ukristo uliifundisha Ulaya kuuchukia mwili, na ulimwengu wa kisasa ndio uliokuja kuukomboa. Nimesoma maandishi ya wamistiki, yaani wale waliotafuta kuunganika na Mungu katika sala ya ndani, na naona mambo karibu kinyume. Hao tunaowaita maadui wa mwili waligombana nao kama mtu anavyogombana na ndugu yake wa tumbo moja. Sisi tunaosema tunaupenda tumeugeuza mali.

Wazo la mwili kama jela linatoka kwa Wagiriki. Plato, katika *Cratylus*, anataja mchezo wa maneno uliokuwa ukisemwa na watu fulani: *soma*, mwili, ni *sema*, kaburi. Katika *Phaedo* Sokrate, saa chache kabla ya kunywa sumu, anawaeleza rafiki zake kwamba kazi ya mwanafalsafa ni kujizoeza kufa, kuifungua nafsi pingu moja baada ya nyingine. Karne sita baadaye Plotinus alifundisha mjini Roma, na mwanafunzi wake Porphyry alianza kuandika maisha yake kwa kusema kwamba mwalimu alionekana kama anaona haya kuwa ndani ya mwili. Alikataa kuchorwa. Kwake mwili wenyewe ni picha tu. Picha ya picha ni ya nini? Mwanafunzi mmoja ikabidi amlete mchoraji darasani, aketi na kusikiliza kama wengine, kisha akachore kwa kumbukumbu.

Huo ndio ulimwengu ambao Wakristo waliuingia wakihubiri kwamba Mungu alibebwa tumboni miezi tisa, akanyonya, akachoka, akatoka damu. Kule Athene wenye hekima walimsikiliza Paulo mpaka alipotaja ufufuo wa wafu. Hapo wengine wakacheka. Mtu aliyefundishwa kwamba kifo humfungulia nafsi mlango wa jela hawezi kuiona kuwa habari njema kwamba atarudishiwa jela hiyo. Ndani ya Kanisa lenyewe Wagnosi walijaribu kuiondoa aibu hiyo, wakasema Kristo alionekana tu kama ana mwili. Irenaeus, askofu wa Lyon, aliwajibu kwa vitabu vitano karibu mwaka 180, na Tertullian wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini mwenye kalamu kali, akasema mwili ndio bawaba ambayo juu yake mlango wa wokovu unazunguka. Hakuna aliyebatizwa, kupakwa mafuta au kulishwa Ekaristi pasipo ngozi na ulimi.

Augustino wa Hippo ni mtu mgumu zaidi. Kwa takriban miaka tisa aliwafuata Wamani, walioamini vitu vinavyoshikika ni kazi ya giza. Alipoachana nao alibeba kumbukumbu ya vita vile maisha yake yote, na aliwaachia waliomfuata wingu la aibu juu ya tamaa hata ndani ya ndoa. Wingu hilo lilinyesha karne nyingi, nami sitaki kulipunguza. Hata hivyo, ni yeye aliyempa bibi wa kwaya jibu lake. Katika *Mji wa Mungu* anauliza: kama nyama ndiyo chanzo cha dhambi, shetani ametendaje? Hana nyama. Halewi wala hazini, lakini ndiye mkuu wa kiburi na husuda. Basi, asema Augustino, si mwili ulioiharibu roho; roho ndiyo iliyoanza, mwili ukaharibika pamoja nayo.

Kule jangwani Misri, wakaapweke walikuwa wakiupima mwili kwa njaa na kukesha. Wengine walipitiliza. Simeoni wa Siria aliishi juu ya nguzo zaidi ya miaka 35, na sioni haja ya kumtetea. Lakini kuna jambo katika maisha ya Antoni Mkuu, yaliyoandikwa na Athanasio wa Aleksandria, ambalo wanaowaita wamonaki wachukia-mwili hawalitaji. Antoni alijifungia katika ngome iliyoachwa kwa karibu miaka 20. Rafiki zake walipouvunja mlango walitazamia kuona mifupa au kichaa. Akatoka mtu ambaye hakunenepa kwa kukaa wala hakukonda kwa kufunga, mtulivu, mwili wake ukiwa vilevile walivyoujua. Athanasio alikuwa na maana yake hapa: sala ya kweli humrudisha mtu kwenye umbo aliloumbiwa.

Fransisko wa Asizi, karne ya 13, aliuita mwili wake Ndugu Punda. Aliyemwona punda wa Lamu akipanda uchochoro na magunia ya saruji ataelewa haraka: hubebeshwa, hupigwa, hulishwa haba, na bila yeye kazi haiendi. Lakini neno zito hapo si punda. Ni ndugu. Nitalirudia mwishoni.

Karne hiyohiyo Ulaya ilishikwa na hamu kubwa ya kuugusa mwili wa Mungu. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulitamka kwamba mkate na divai vinageuka kweli kuwa mwili na damu ya Kristo, na mwaka 1264 Papa Urbano wa Nne aliiweka sikukuu ya Mwili wa Kristo, iliyotokana na maono ya mtawa mwanamke, Yuliana wa Liège. Wanawake ndio waliolibeba jambo hili mbali kuliko wote. Sababu haifichiki. Hawakuwa na mimbari, chuo kikuu wala altare. Mwili ulikuwa kitabu pekee ambacho hakuna askofu angeweza kuwanyang'anya. Wanazuoni waliwafundisha kwamba mwanamume ni kama roho na mwanamke ni kama nyama. Wao wakalipokea neno hilo na kuligeuza: ikiwa mwanamke ni nyama, na Kristo hakuwa na baba wa kibinadamu, basi nyama yake yote iliyotundikwa msalabani ilitoka kwa mwanamke.

Mwanahistoria Mmarekani Caroline Walker Bynum alilieleza hili mwaka 1987 katika *Holy Feast and Holy Fast*, kitabu kilichowabadilisha wengi macho, mimi nikiwemo. Anaonyesha kwamba chakula kilikuwa kitu ambacho wanawake wa wakati ule walikitawala: walikipika, waliwalisha wengine, waliweza kukikataa. Kufunga kwao, asema, hakukuwa kuukimbia mwili bali kuingia ndani yake, wakaumie pale Kristo alipoumia na wawe chakula kama yeye alivyojifanya chakula. Naamini yuko sahihi kuhusu maana. Lakini namfikiria Katerina wa Siena, binti wa mtia rangi nguo, aliyewaandikia mapapa na wafalme barua bila hofu na ambaye mwishoni mwa maisha yake hakuweza tena kuzuia chakula tumboni. Alifariki Roma mwaka 1380 akiwa na miaka 33. Maana nzuri haikumrudishia nguvu. Padre wake wa maungamo alimsihi ale. Yeye akajibu hawezi. Anayesoma habari zake na asiumie amezisoma haraka mno.

Kwa hiyo, ninapotaka kuonyesha jinsi umistiki ulivyoweza kuutazama mwili kwa macho mazima, namwendea mwanamke mmoja Mwingereza, Julian wa Norwich. Jina lake halisi la kuzaliwa limepotea. Hili huenda ni la kanisa ambalo chumba chake kilishikamana nalo. Mwezi Mei mwaka 1373, akiwa na miaka 30 na nusu, alilala mgonjwa wa kufa. Alikuwa amekwisha kupewa sakramenti za mwisho. Kuanzia kiunoni kwenda chini mwili ulikuwa umekufa ganzi. Padre alisimamisha msalaba mbele ya uso wake kwa sababu macho yalikuwa hayageuki tena. Mama yake alikuwa kando ya kitanda, na wakati fulani aliinua mkono amfumbe macho, akidhani ameshakata roho. Julian alihuzunika, kwani bado alikuwa anatazama.

Alichokuwa anatazama ni damu. Ilitiririka kutoka chini ya taji la miiba, naye anatafuta mfano wa kuieleza: matone yalikuwa mengi kama maji yanayodondoka kutoka ukingo wa paa baada ya mvua kubwa, na yalipotandaa kwenye paji la uso yalikuwa na duara la magamba ya samaki aina ya herring. Mwanateolojia wa Oxford asingesema hivyo. Hayo ni maneno ya mtu wa Norwich, mji uliokula samaki huyo na kumuuza, mtu aliyeparua magamba au aliyesimama karibu na aliyeparua. Mungu anamjia kupitia jiko.

Julian alipona. Alitafakari maono yale 16 kwa miaka karibu 20 kabla ya kuandika kitabu kirefu, na humo mna fungu ambalo katika nakala nyingine halimo, huenda kwa sababu mnakili aliona haya. Anasema mtu hutembea wima akiwa na chakula ndani yake kama kilichofungwa katika mfuko mzuri, na wakati wa haja ukifika mfuko hufunguliwa na kufungwa tena kwa adabu kamili. Na anayefanya hivyo, asema, ni Mungu, asiyedharau kuuhudumia mwili hata katika mahitaji yake ya chini kabisa, kwa upendo alio nao kwa nafsi aliyoiumba kwa mfano wake. Neno alilolitumia kwa Kiingereza chake ni la hitaji, la lazima. Kiswahili nacho kimeliona hivyohivyo: haja ndiyo shida tunayomwombea mtu kwa Mungu, na haja ndiyo ile inayomtoa mtu usiku kwenda uani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi kumwelewa Julian. Plotinus alimficha mchoraji uso wake. Mwanamke huyu anamwona Mungu akihudumu hadi chooni, na haoni aibu kuandika.

Makanisa ya Mashariki yalipigana vita vyao wenyewe juu ya jambo hili. Wamonaki wa Mlima Athos walisali wakiwa wameinamisha kidevu kifuani, wakifuatisha jina la Yesu na pumzi. Barlaam wa Calabria, msomi, aliwadhihaki kwamba wameitafuta nafsi kitovuni. Gregori Palamas akawatetea: ikiwa Mungu alitwaa mwili, basi mwili nao una sehemu yake katika nuru ya Mungu, na pumzi si kikwazo cha sala. Sinodi ya Konstantinopoli ya mwaka 1341 ilimpa haki Palamas.

Teresa wa Avila, Mhispania wa karne ya 16, ndiye ambaye Ulaya ya kisasa imemtazama zaidi na kumsikiliza kidogo zaidi. Mchongaji Bernini alimtengeneza kwa marmari kati ya 1647 na 1652, katika kanisa la Santa Maria della Vittoria mjini Roma: kichwa nyuma, kinywa wazi, malaika amesimama na mshale. Tangu hapo wageni wamesimama mbele yake na kuwaza kitanda tu, na watetezi wake wamekimbilia kusema ni roho tupu. Yeye mwenyewe, katika sura ya 29 ya kitabu cha maisha yake, alikuwa mwangalifu kuliko pande zote mbili. Maumivu ya mshale ule, asema, ni ya roho, si ya mwili, ingawa mwili nao una fungu lake, tena fungu kubwa. Mtu asiyejua mwili ni nini asingeongeza sehemu ile ya pili. Na aliwaambia masista wake kwamba utii ukiwapeleka jikoni, wajue Bwana anatembea huko pia, katikati ya vyungu. Aliwakataza walioumwa kujitesa kwa toba.

Usiku aliofariki ulikuwa wa tarehe 4 Oktoba 1582, na kesho yake, kwa sababu ya kalenda mpya ya Papa Gregori, ikawa tarehe 15. Kisha watu walioupenda mwili wake wakaukata. Moyo uko Alba de Tormes. Mkono wa kushoto ulipita mikono mingi hadi kwa Jenerali Franco, aliyekaa nao mpaka kifo chake mwaka 1975. Inatisha, nami natishika. Lakini hakuna anayegombania vipande vya jela iliyoachwa tupu. Waliovigombania waliamini kwamba Teresa bado yumo.

Badiliko kubwa lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mwalimu wa Padua, alichapisha kitabu chake cha maumbile ya mwili kilichotokana na maiti alizozipasua kwa mikono yake. Miaka 98 baadaye René Descartes, ambaye akiwa Amsterdam alizoea kwenda kwa wachinjaji na kununua viungo vya wanyama ili avichunguze nyumbani, alitoa *Tafakari* zake. Kuna kitu kinachofikiri, na kuna kitu kinachojaza nafasi. Mwili uko upande wa pili, pamoja na saa na mitambo ya maji. Descartes hakuwa mjinga. Aliandika kwamba mtu hakai mwilini kama nahodha chomboni, kwa maana chombo kikitoboka nahodha huona tundu, na mimi nikichomwa naumia. Ila hakuweza kueleza kwa nini. Mwezi Mei 1643 binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia swali rahisi: kitu kisichojaza nafasi kinausukumaje mwili? Descartes alijibu, Elisabeth hakuridhika, akauliza tena. Ni swali la bibi wa kwaya likiwa limevaa hariri.

Mwili-mashine umetupa mengi, na nani asiyeshukuru? Mtoto anayezaliwa kwa upasuaji na mama akabaki hai ni zao la watu waliothubutu kuufungua mwili bila kuuogopa. Katerina angeweza kuwekewa dripu. Lakini mashine haina heshima ya kwake yenyewe, ina mwenyewe. Nayo hali ya kuwa na mwenyewe ndiyo iliyoenea. Mtu wa mjini leo, Paris au Los Angeles, huufungisha mwili wake kwa saa 16, huuhesabia hatua, huupima kila asubuhi kwenye mizani, huukata nyama na kuuchoma sindano, na kwenye kioo huutazama kama mwenye nyumba anavyomkagua mpangaji. Kwa kujinyima hatofautiani sana na mmonaki. Tofauti ni kwamba mmonaki alikuwa anafunga mbele za Mtu. Michel Foucault, mwaka 1975, alimgeuza Plato kichwa chini na kusema nafsi ndiyo jela ya mwili: nafsi iliyotengenezwa na shule, kambi, gereza na hospitali, ambayo sasa inausimamia mwili kwa niaba yao. Papa Yohane Paulo wa Pili alijaribu kujibu kutoka upande mwingine kwa katekesi 129 kati ya 1979 na 1984, akisema mwili ni lugha ambayo mtu hujitolea kwa mwenzake. Sikubaliani naye katika kila analolitoa hapo, hasa pale anapowaeleza wanawake wao ni nani. Ila alielewa kwamba kinachonunuliwa na kurekebishwa tu hakiwezi kuzungumza.

Kipimo changu ni hiki: mwili unaweza kuombwa radhi au hauwezi? Jela haiombwi radhi. Mashine ikiharibika hutafutiwa fundi. Mali ikichakaa huuzwa.

Fransisko aliporudi kutoka mlima La Verna mwaka 1224 alikuwa na madonda mikononi, miguuni na ubavuni. Macho yake yalikuwa yanakufa. Huko Fonte Colombo mganga aliyachoma kwa chuma cha moto kuanzia karibu na sikio hadi kwenye nyusi, na kabla chuma hakijamgusa Fransisko alizungumza na moto, akauita ndugu, akauomba uwe mpole. Tiba ile haikusaidia, upofu uliendelea. Vuli ya 1226, akiwa na umri wa miaka kama 44, ndugu zake walimpeleka Porziuncola, akaomba alazwe uchi juu ya udongo. Waliomfahamu wameandika kwamba kifo kilipokuwa karibu aliungama jambo ambalo hakuna aliyelitazamia kwa mtakatifu wa namna yake. Alisema amemkosea sana ndugu yake, yaani mwili. Alimbebesha mno na kumlisha kidogo, na yule punda alikuwa amemtumikia kwa uaminifu muda wote.